Pole Peke Yake Haichoti Maji

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa hapa Ndithini kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wa vikundi vya maendeleo. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa sababu wengine walilazimika kuondoka kabla hayajaisha na wameomba wasikose yaliyobaki.)



 Tunajua wapo hapa walioacha punda kwenye foleni ya maji na mtoto wa kuwaangalia, na wametuambia waziwazi kwamba ikifika saa nane wataondoka, mazungumzo yaishe yasiishe. Hatutawakawiza.

Halmashauri imetuomba tuseme juu ya kuwatembelea wenye shida. Sasa, mtu akiombwa kusema juu ya jambo fulani watu hudhani yeye ni fundi wa jambo hilo. Sisi si mafundi. Tumesimama hapa kwa sababu tulilifanya vibaya, tena kwa muda mrefu, tena kwa moyo mzuri kabisa. Wacha tuanze hapo.

Kuna mama mmoja katika mojawapo ya vikundi vyetu. Jina lake tunaliacha, na hata wewe unayedhani unamjua tunakuomba usimtaje, si hapa wala njiani mkirudi. Mama huyu alikuwa mtu wa kikundi kweli kweli. Siku ya kuchimba matuta yeye alikuwa na jembe mapema, na siku ya mchango pesa zake zilikuwa zimefungwa kwenye ncha ya leso. Halafu akaanza kuchelewa, kisha akaacha kuja. Mwezi wa kwanza tulinyamaza. Mwezi wa pili tukaanza kusema. Mnajua vile tunavyosema: "Amelegea." "Siku hizi watu hawataki kujisaidia, wanangoja vya bure." Mmoja wetu akasema akina mama wa zamani hawakuwa hivyo. (Akina mama wa zamani wangesikia tunavyowatumia kuwapiga binti zao, sijui wangetuambia nini.)

Mwezi wa tatu mtu akatukumbusha kwamba mvua ilikuwa imekosa, ana watoto shuleni, na mume hayupo. Hapo tukageuka. Tulikuwa tumekasirika, sasa tukaingiwa na huruma. Tukachanga kasuku mbili za mahindi, kilo moja ya sukari na mche wa sabuni, tukaenda. Tulikuwa saba. Mama alikuwa na viti viwili, akatuma mtoto kwa jirani kuazima vingine. Tuliimba, tukaomba, tukasema "pole sana mama," akasema "asante," tukasema "pole" tena. Mmoja wetu alitoa machozi. Kisha katibu akaandika kwenye kitabu: ametembelewa. Tukarudi nyumbani tukijisikia vizuri.

Mkutano uliofuata hakuja. Wa pili, hakuja. Mnadhani tulisema nini? Tulisema: "Hata baada ya kusaidiwa!"

Ndugu, tafadhali liangalieni jambo hili. Tulitoka kwenye kunung'unika tukaenda kwenye kusikitika, na kutoka kwenye kusikitika tukarudi kwenye kunung'unika, na safari hiyo yote hatukujua hata kitu kimoja kipya juu ya yule mama. Tulikaa kwake saa nzima. Hakuna kati yetu saba aliyemwuliza swali, ila yule aliyeuliza choo kiko wapi.

Ukweli ulijulikana kwa njia ya kunde. Mama mzee mmoja wa halmashauri yetu alikuwa anatafuta mbegu za kunde, akapita pale peke yake, bila kitabu na bila sukari. Alimkuta yule mama anapura ndengu. Akakaa chini, akaanza kumsaidia. Wakapura. Katika kupura akamwuliza kitu kidogo tu: "Siku hizi siku yako huanza saa ngapi?"

Huanza saa tisa usiku. Mto ukikauka, maji yako chini ya mchanga, na shimo lake hutoa maji polepole. Unachota kikombe, unangoja, unachota kikombe. Anayefika baada ya alfajiri huwakuta wengine wamejaa. Kwa hiyo yeye hutoka saa tisa, na kurudi nyumbani na mitungi minne juu ya punda ni saa nne asubuhi. Mkutano wetu sisi ulikuwa unaanza saa ngapi? Saa tatu. Na anayechelewa alitozwa faini, shilingi ishirini. Faini isiyolipwa iliandikwa. Na mwisho wa kila mkutano katibu alisimama akasoma majina ya wadaiwa kwa sauti, ili watu waone aibu wakalipe. Hiyo sheria tuliitunga sisi wenyewe na tukapiga makofi.

Siku moja aliyekuwa akipanga viti alikuwa mtoto wake. Akasikia jina la mama yake likisomwa. Alirudi nyumbani akamwuliza, "Mama, kumbe tunadaiwa?" Tangu siku hiyo mama akaapa hakanyagi pale.

Na yale mahindi? Alisema, bila hasira: "Mahindi yenu tulikula siku nne. Maneno yake tumekula miezi miwili." Kwa sababu majirani walituona saba tukiingia tumebeba vitu, na viti vilikuwa ni vyao.

Basi ugonjwa tuliokwenda kuuombea haukuwa kwake. Ulikuwa kwenye kitabu cha katibu.

Hatusemi haya kumchekesha mtu. Tunasema kwa sababu tangu siku hiyo tumejiuliza sana: ni nini kilichotuzuia kuuliza? Hatukuwa wabaya. Jibu tulilolipata ni kwamba tulidhani tunajua tayari. Anayenung'unika anadhani anajua: huyu ni mvivu. Anayesikitika naye anadhani anajua: huyu ni maskini. Wote wawili wamefunga faili. Na mtu ambaye faili lake limefungwa hana la kusema, anabaki kusema "asante" na "Mungu awabariki".

Sasa kuna mtu ataniuliza, je, huruma ni mbaya? Bwana wetu hakuwa na huruma? Alikuwa nayo, tena Injili inaitaja mara nyingi. Lakini angalieni alifanya nini baada ya kuhurumia. Walipokuwa maelfu kule nyikani, jioni imefika na wana njaa, wanafunzi walitaka kuwaaga watu waende. Yeye aliwauliza wanafunzi wana mikate mingapi, akawatuma waende wakaangalie. Wakaangalie! Kumbe hata wao walikuwa hawajahesabu. Na yule mtu wa pale bwawani Bethzatha aliyekuwa mgonjwa miaka thelathini na minane: mtu yeyote anayepita angesema pole. Bwana alimwuliza kama anataka kupona. Wengine huona swali hilo ni la ajabu, karibu la dharau. Sisi tunaona ni heshima kubwa. Kwa miaka yote hiyo huenda hakuna aliyekuwa ameuliza nia yake. Na jibu lake la kwanza lilikuwa ni manung'uniko, kwamba hana mtu wa kumtia majini. Bwana hakumkemea kwa hilo.

Tena yupo Elisha na yule mjane aliyedaiwa, ambaye mwenye deni alikuwa anakuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii alimwuliza mambo mawili: amfanyie nini, na nyumbani ana nini. Mama akasema hana kitu, isipokuwa chupa ya mafuta. Hiyo "isipokuwa" ndiyo iliyomlipia deni. Sisi tulipokwenda kwa mama yetu tulikwenda na vya kutoa tu, kwa hiyo hatukuona alichonacho. Alikuwa na ndengu nzuri kuliko za kwetu sote, za mbegu aliyoichagua mwenyewe, punje kwa punje, msimu baada ya msimu.

Na habari ya manung'uniko yenyewe, tusisahau wana wa Israeli jangwani. Walinung'unika juu ya maji, wakanung'unika juu ya nyama, wakakumbuka masufuria ya Misri. Asubuhi moja wakakuta kitu juu ya nchi, kidogo kama umande ulioganda, wakaulizana ni kitu gani. Kitabu cha Kutoka kinatuambia kwamba jina mana limetoka kwenye swali hilo hilo. Chakula kilichowalisha miaka arobaini kiliitwa kwa jina la swali. Siku nyingine mtu atahubiri hapo. Sisi tunapita tu.

Tuje huku kwetu Ukambani, maana tusije tukasema kuuliza ni mambo ya Biblia peke yake.

Katika miaka ya 1930 wakubwa wa serikali ya kikoloni waliitazama Machakos wakaona nchi iliyokwisha. Udongo ulikuwa unachukuliwa na maji, milima imebaki wazi, makorongo kila mahali. Afisa mmoja wa kilimo, Colin Maher, aliandika ripoti mwaka 1937, na maneno yake yalikuwa mazito sana juu ya Akamba na ardhi yao. Sehemu aliyoiona ilikuwa kweli: mmomonyoko ulikuwepo. Lakini wakubwa walikuwa na jibu kabla ya swali: ng'ombe ni wengi mno, watu ni wajinga, wapunguziwe mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe wakachukuliwa wakauzwa kwa bei ya chini, na kiwanda cha nyama cha Liebig's kilikuwa kinangoja kule Athi River. Hakuna aliyeuliza kwa nini watu wamebanwa kwenye sehemu ile, wala malisho yao ya zamani yalikwenda kwa nani.

Wazee wetu walifanya nini? Hapa inatupasa tukae kidogo. Wengi mnalijua jina la Muindi Mbingu. Yeye na wenzake, wanaume kwa wanawake, walitembea kwa miguu mpaka Nairobi kumwona Gavana, wakakaa huko majuma kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu kizuizini. Lakini kabla mwaka haujaisha serikali ililegeza, na ule uuzaji wa nguvu ukaachwa. Je, yale yalikuwa manung'uniko? Sisi tunasema hapana. Yalikuwa madai. Mwenye kunung'unika husema kwa jirani asiyeweza kufanya kitu. Mwenye kudai huenda kwa anayehusika, akiwa amejua ng'ombe wangapi wamechukuliwa, wa nani, na kwa bei gani. Kwa hiyo msitoke hapa mkisema eti kanisa limetukataza kulalamika. Sisi wa Masinga tunaishi na bwawa kubwa lililokamilika mwaka 1981 kwenye mto Tana, na bado kuna boma ambazo punda ndiye bomba lao. Hilo ni jambo la kuuliza, tena kwa barua, tena kwa kaunti, na barua iwe na hesabu. Kiongozi akikutana na barua yenye hesabu hukohoa kwanza. Akikutana na manung'uniko hutoa fulana.

Tuendelee na ile historia. Miaka hamsini hivi baadaye, watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walikuja Machakos. Hao walikuja na swali. Waliuliza: nchi iliyosemekana imekufa, imekuwaje? Kitabu chao kilitoka mwaka 1994. Walikuta kwamba watu wa ile wilaya ya zamani ya Machakos, pamoja na sehemu ambayo sasa ni Makueni, walikuwa wameongezeka kutoka kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 mpaka karibu milioni 1.4 mwaka 1989. Na pamoja na wingi huo, mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti imepandwa mashambani, na mavuno kwa kila mtu yamepanda. Walilinganisha picha za zamani na mahali pale pale, wakaona matuta kwenye vilima vilivyokuwa vimebaki mifupa.

Nani alichimba matuta hayo? Mnawajua. Mwethya. Mama zenu na bibi zenu, kwa jembe na sepetu, leo kwako kesho kwangu. Walichagua fanya juu, ile ya kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, kwa sababu waliiangalia shambani wakaona inafaa. Serikali ilisaidia, makanisa yalisaidia, pesa za kahawa na za mishahara ya Nairobi zilisaidia. Lakini wale watafiti wasingeyaona hayo yote kama wangekuja wakiwa wameshaandika mwisho wa kitabu. Wengine waliwajibu kwamba si kila familia ilifaidika sawa, na kwamba wengine waliachwa nyuma. Ni kweli. Sisi wa sehemu kavu tunajua kwamba matuta pekee hayaleti mvua. Hata hivyo ni neno kubwa kwamba nchi iliyohesabiwa kuwa maiti ilikutwa inatembea.

Kuna kitu kingine cha wazee tunachokipenda sana. Hawakuwa wakisema tu "kulikuwa na njaa." Kila njaa waliipa jina. Njaa ya 1961 wakaiita Yua ya Ndeke, kwa sababu ya ndege zilizodondosha chakula. Ya 1965 ni Yua ya Atta, unga ule uliotoka ng'ambo. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja ile ya Nikw'a Ngwete, nakufa nimeshika, maana mtu alikuwa na pesa mkononi na dukani hakuna kitu. Mtu anayeipa njaa jina namna hiyo ameiangalia vizuri usoni. Ameona kwamba njaa ya mwenye pesa si sawa na njaa ya asiye nayo. Lakini ona pia, majina yale mawili ya kwanza ni ya vitu vilivyotoka nje. Ndege. Unga. Kidogo kidogo tulianza kukumbuka shida zetu kwa jina la msaada.

Neno la msaada huo kwetu ni mwolyo, hakuna asiyelijua. Na hapa jirani zetu wa Yatta walitutangulia. Mwaka 2009, wakati wa ukame mkali, Askofu Titus Masika na Christian Impact Mission walianza kazi waliyoiita Operation Mwolyo Out. Yaani mwolyo utoke. Yeye aliona kwamba kuleta magunia mengine kungemaliza juma moja na kuacha swali pale pale. Walianza na fikira. Wakaulizana: mvua inanyesha siku chache, ndiyo, lakini zikinyesha hayo maji yanakwenda wapi? Yanapita mlangoni pa mtu yakaenda zake mtoni, na kesho mtu huyo huyo anakwenda mtoni kuyafuata na punda. Wakachimba mabwawa madogo majumbani ya kukusanya maji ya mvua, wakapanda mboga na mazao mengine. Wengi wenu mmekwenda kuyaona. Hatusemi Yatta sasa ni Edeni. Tunasema walibadilisha swali. Lilikuwa "tutaletewa lini?" likawa "yanapita wapi?"

Na tazameni, haikuwa kuwakemea watu. Hapo ndipo wengi huanguka. Akisikia tu kwamba huruma haitoshi, mtu hurukia ukali: "Acheni kulialia, fanyeni kazi!" Hayo ni manung'uniko yaliyovaa suti. Mtu mwenye njaa mpe chakula kwanza. Tafadhali, hilo lisije likapotea hapa. Mkikuta mtoto ameshinda njaa msianze kumwuliza maji yanapita wapi.

Haya, sasa kazi yenyewe ya kuuliza. Wale wa miaka mingi katika kanisa watakumbuka mafunzo ya DELTA, yaliyoanza hapa Kenya katika miaka ya 1970 na akina Anne Hope na Sally Timmel. Walikuwa na hatua ya kusikiliza kabla ya kufundisha lolote. Mnakwenda sokoni, kwenye maji, kwenye matatu, mnasikiliza watu wanasema nini wakiwa peke yao, na hasa ni jambo gani linalowafanya wapandishe sauti. Kwa sababu pale penye moyo ndipo penye nguvu ya kufanya kazi. Sisi wenyewe tulikuwa na vitabu hivyo kabatini. Panya walikuwa wamevisoma kuliko sisi.

Lakini kuna shida moja na neno lenyewe. Kwa Kiswahili ukisema mtu ni mdadisi, si sifa nzuri sana. Watu husikia mtu wa kuchungulia, mbea. Na kweli, katika kijiji, mtu anayeuliza sana huogopwa. Kwa hiyo tumejiwekea alama. Mbea huuliza akiwa na mahali pa kupeleka jibu. Huuliza ya jana na ya nani, alikuwa na nani. Mwenye kujali huuliza ya kesho na ya vipi, na jibu likitoka mdomoni mwa mtu linabaki pale. Kama ni jambo ambalo kikundi lazima kilijue, unamwomba ruhusa mwenyewe. Yale ya mama yetu tunayowaambia leo, tulimwomba. Alisema semeni, ila acheni jina na mlango. Alifikiri siku mbili kabla ya kusema ndiyo.

Tena kuna namna ya kuuliza. Kwetu "kwa nini" ni fimbo. Ukimwambia mtu "kwa nini hukuja?" hajasikia swali, amesikia kesi. Ataanza kujitetea au atadanganya kidogo aokoe uso wake. Jaribu "ilikuwaje?" Jaribu "siku yako inakwendaje?" Wazee wetu walikuwa wakiuliza kwa mifugo: ng'ombe wanakunywa wapi siku hizi? Katika jibu la ng'ombe unasikia habari ya nyumba nzima. Na "habari?" peke yake haitoshi, kwa sababu sote tunajua jibu. "Nzuri." Nyumba inaungua, "nzuri." Basi ukisikia "nzuri tu," lile "tu" ndilo la kufuata. Usilifuate siku hiyo hiyo kama watu ni wengi. Rudi.

Mikono nayo ifanye kazi. Tumeona kwamba watu hawasemi wakiangaliwa usoni na watu saba kwenye viti vya kuazima. Husema mikono ikipura ndengu, au mkitembea pamoja kwenda mtoni. Akina baba hasa. Baba ukimketisha umwulize moyo wake atakuambia habari za serikali. Mshikie waya akitengeneza ua, utasikia mwenyewe.

Na ukisha kusikia, usikimbilie kutengeneza. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila neno, wakafanya vizuri sana. Waliharibu walipoanza kueleza.

Dada mmoja pale ameinua mkono. Anauliza, je, tukiuliza tukaambiwa jambo ambalo hatuna uwezo nalo? Hilo ni swali la kweli, na tumekutana nalo. Tuliwahi kuuliza nyumba moja tukaambiwa habari ya kijana na pombe, na hatukuwa na dawa. Tulichoweza ni kurudi. Jumanne, na Jumanne nyingine. Bado tunarudi. Baba wa nyumba ile alituambia afadhali watu wasio na dawa wanaorudi kuliko wenye dawa waliopita mara moja. Sisi hatuna hakika kama hiyo inatosha. Tunakuambia tu alivyosema.

Kwa upande wa kikundi chetu, tulibadilisha mambo matatu. Mkutano sasa ni saa tisa alasiri. Majina ya wadaiwa hayasomwi. Mweka hazina humwona mtu peke yake. Na hatuendi tena saba, wanakwenda wawili, na hawabebi kitabu. Mweka hazina alipinga hilo la pili, akasema pesa hazitaingia. Mwezi wa kwanza hazikuingia vizuri, ni kweli, na alihakikisha tumejua. Baadaye zikarudi karibu kama zamani.

Wengi wametuuliza kama yule mama alirudi. Alikuja mara mbili. Tulimwomba msamaha mbele ya watu, kwa sababu tulimkosea mbele ya watu, na mtoto wake alikuwepo. Kisha akajiunga na kikundi kingine kilicho karibu na kwake, na huko wamemfanya mwangalizi wa mbegu. Tulitamani arudi kwetu. Hakurudi, na ana haki. Tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri, na msimu uliopita mama mzee wetu alipata kwake kasuku moja ya kunde na nyingine ya ndengu, kwa kununua, maana alikataa kuuza kwa bei ya huruma.

Sasa tunaona watu wa punda wameanza kuangalia jua. Jambo moja la mwisho la matangazo. Jumatano wawili kati yetu wanakwenda kwa yule mzee wa upande wa chini ambaye hajaonekana kanisani tangu mvua za mwaka jana. Wapo waliosema ameasi, na wapo waliosema tumpelekee unga. Unga upo, tutauweka tayari. Ila tumesikia kwamba ana punda mgonjwa wa mguu, na mmoja wa hao wawili anajua kwato. Wataanzia kwa punda.